Mvuke wa Maziwa na Lugha ya Jikoni Kwetu

Jamaa zangu mlioko Maskati na Unguja, Mombasa na Dubai, na nyinyi ambao majaaliwa yamewapeleka mbali zaidi, Uingereza, Kanada na kwengineko.

Aghalabu huwaandikia juu ya silsila za mababu, majahazi waliyosafiria na nyumba walizoziacha. Leo nakusudia kuandika juu ya maziwa, na hasa juu ya kuyapasha moto kwa mvuke wa ile mashine ya kahawa ambayo siku hizi imeingia majumbani mwetu. Huenda mtu akaliona hili kuwa ni jambo dogo kwa ukurasa wa urithi wa ukoo. Mimi naliona kubwa, kwa sababu katika nyumba yangu limefanya kazi ambayo dele la shaba, sanduku la njumu na picha za ukutani havikuweza kuifanya kwa miaka mingi: limemtia mtoto katika lugha ya mzee wake.

Nyumbani kwetu Al Khuwair tunaishi vizazi vinne. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, ametimiza miaka 86. Mimi mwanawe ni karani mstaafu wa miaka 66. Yupo binti yangu mwenye miaka 40, na yupo bintiye, mjukuu wangu, mwenye miaka 14. Mama anasema Kiswahili, na Kiarabu chake ni cha sala na cha salamu. Mimi nilianza chuoni na skulini Unguja, nikamalizia masomo kwa Kiarabu baada ya kufika Maskati mwaka 1974, katika zile siku ambazo Sultan Qaboos, aliyetawala tangu 1970, alikuwa amewafungulia mlango Waomani waliotawanyika nje, na sisi tulioondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 tulikuwa miongoni mwao. Binti yangu anakifahamu Kiswahili lakini hujibu kwa Kiarabu. Mjukuu wangu ana Kiarabu cha skuli na Kiingereza cha simu, na Kiswahili chake kilikuwa ni sabalkheri, chakula tayari na njoo hapa. Mzee na mtoto walipendana kwa ishara, kwa kushikana mikono, na kwa mimi kukaa kati yao nikifasiri.

Najua hali hii haiko kwangu peke yangu. Kila ninapokwenda kwenye arusi au matanga, iwe Ruwi, Ghubra au Sib, naona mabibi wamekaa upande mmoja na vijukuu upande wa pili, na kati yao pana kimya cha adabu. Nasi watu wazima huwatupia watoto methali kwamba mwacha mila ni mtumwa. Lakini mtoto hawezi kuiacha mila ambayo hajapewa. Na kupewa si kuonyeshwa. Dele letu la shaba limekaa rafuni miaka 40, limesuguliwa kwa ndimu likang'aa, na wageni wamelisifu. Sijapata kumwona mtoto aliyejifunza neno hata moja kwa kulitazama.

Niseme kidogo juu ya kahawa yenyewe, ili ijulikane mashine hii imeingia katika nyumba ya namna gani. Sisi watu wa Oman tumekuwa na kahawa tangu zamani. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Maskati walikuwa wakinunua buni ya Yemen na kuipeleka Basra kwa majahazi. Kahawa yetu hunywewa kavu, haitiwi maziwa wala sukari. Hutiwa iliki, pengine na marashi ya mawaridi, na huliwa kwa tende au halua. Mgeni akitosheka hukitikisa kijikombe, na mwenyeji hujua. Mwaka 2015 UNESCO iliitia kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Oman pamoja na Imarati, Saudia na Qatar. Upande wa Unguja nako kahawa ilikuwa chungu vilevile, ikiuzwa barazani na mtu aliyebeba dele lake juu ya makaa huku akigonganisha vikombe, na utamu wake ulitoka kwenye kashata.

Maziwa yalikuwa ya chai. Chai ya maziwa ya Unguja na ile ya karaki inayouzwa katika kila mtaa wa Maskati ni ndugu, zote zina asili ya Bara Hindi; hata neno karaki lenyewe limetoka katika Kihindi, lina maana ya kali. Kwa hiyo kumwagia maziwa juu ya kahawa, kwa watu wa umri wangu, ni jambo la kigeni. Limetoka Italia. Huko ndiko Luigi Bezzera wa Milan alikoomba hataza ya mashine yake ya kahawa mwaka 1901, na ndiko Achille Gaggia alikotengeneza, karibu na miaka ya 1940, mashine iliyoisukuma kahawa kwa shinikizo kubwa pasi na kuiunguza kwa mvuke. Na hilo neno latte, ambalo vijana wetu hulitamka mikahawani kana kwamba ni jina la kitu cha ajabu, kwa Kiitaliano ni maziwa tu. Mtoto wa Maskati husema latte, baba yake husema halibu, bibi yake husema maziwa, na wote wanataka kitu kimoja.

Mashine tuliyonayo aliinunua binti yangu mwaka jana. Inasaga buni yenyewe, inashindilia unga wenyewe, inapitisha maji ya moto kwa shinikizo la kiasi cha mara 9 ya lile la hewa, na kahawa ikatoka kikombeni kwa kubonyezwa kitufe. Kwa upande wa maziwa ina njia mbili. Njia ya kwanza ni kijimpira chembamba kinachotumbukizwa katika kopo la maziwa. Mvuke ukipita kwa kasi katika kinywa chembamba hufyonza maziwa na hewa kwa pamoja, ukavichanganya, na povu likamwagika kikombeni bila ya mtu kutia mkono. Njia ya pili ni mrija wa chuma ulioning'inia ubavuni, unaofoka mvuke. Hapo mtu hushika jagi mwenyewe na kufanya kazi mwenyewe. Binti yangu, ambaye huondoka alfajiri kwenda kazini, hutumia kitufe. Mjukuu wangu aliupenda mrija, na ndio uliotuletea haya ninayoyaandika.

Jioni moja alimpelekea mama kikombe cha maziwa yenye iliki, yaliyopashwa kwa mvuke. Mama macho yake yamepungua nuru kwa sababu ya presha ya macho, basi alikishika kikombe, akakinusa, akauliza:

“Yamechemka?”

Mtoto akajibu kwa Kiarabu kwamba yako moto. Nikafasiri.

“Moto si kuchemka, mwanangu,” akasema mama, akakirejesha kikombe juu ya sinia. “Mimi sinywi maziwa mabichi.”

Siku zile mama alikuwa hali vizuri, na daktari alikwisha tuagiza tumpe maziwa. Kwa hivyo neno lake halikuwa dogo kwetu. Wala halikuwa la upuuzi. Mama alikulia shamba Unguja, katika miaka ya 1940, ambako maziwa yalikamuliwa asubuhi na hakuna friji. Maziwa yasiyochemshwa yaliweza kuleta kifua kikuu na homa zisizokatika. Hata hapa Oman, hasa katika mkoa wa Dhofar, ugonjwa wa bruselosi, ambao hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi ya mifugo, unajulikana sana na madaktari. Mama hakusoma habari za vijidudu, lakini kanuni yake ilikuwa ni ya sayansi.

Nikamwomba mjukuu wangu alete paketi ya maziwa atusomee. Akasoma neno la Kiarabu mubastar. Nikamweleza mama kwamba neno hilo limetokana na jina la mtu, Louis Pasteur, Mfaransa ambaye katika miaka ya 1860 alionyesha kwamba kuupasha moto mvinyo kwa kiasi fulani huua vijidudu vinavyouharibu, bila ya kuufikisha kwenye kuchemka. Baadaye njia yake ikatumika kwa maziwa. Kiwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Na yale ya paketi zinazokaa nje ya friji kwa miezi hupandishwa zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache tu. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

“Basi yalikwisha pikwa huko?”

“Naam, mama. Yalikwisha pikwa.”

“Na huyu mtoto anayapasha tu?”

“Anayapasha tu.”

Akafikiri, kisha akatoa sharti lake: “Nitakunywa. Lakini nitakaa jikoni nisikie anavyofanya.”

Hapa nataka kuwatanabahisha wenye jamaa mashambani wanaowaletea maziwa ya mbuzi, ya ng'ombe au ya ngamia moja kwa moja kutoka zizini. Mvuke wa mashine humaliza kazi yake kwenye nyuzi 60 au 65, na kwa muda wa chini ya dakika moja. Kiasi hicho hakitoshi kuyatakasa maziwa mabichi. Yachemsheni kwanza jikoni, yapoeni, yatieni friji, ndipo muyapeleke kwenye mvuke. Kauli ya mama kwamba moto si kuchemka ni kweli tupu kwa maziwa ya namna hiyo.

Tangu jioni ile mama akawekewa kiti chake karibu na mashine, na kazi ikaanza. Nitaieleza kama nilivyoiona, na pamoja nayo maneno yaliyosemwa, kwa kuwa maneno ndiyo niliyoyakusudia.

Maziwa hutolewa kwenye friji yakiwa baridi kabisa, ili mtu apate nafasi ya kufanya kazi kabla hayajapata moto mno. Hutiwa katika jagi la chuma chini kidogo ya nusu, kwa sababu yataumuka. Hilo la kuumuka mama alilisema kwa kufananisha na unga wa maandazi, na mtoto, ambaye amekwisha kuuona unga ukiumuka, akalishika neno papo hapo. Kabla ya kutia mrija katika maziwa, hufunguliwa mvuke kidogo nje, ili maji yaliyoganda ndani ya mrija yatoke. Kisha ncha ya mrija huwekwa chini kidogo tu ya uso wa maziwa, na mvuke hufunguliwa wote.

Hapo husikika sauti nyembamba ya kukatakata. Mama alisema ni kama merikani inayochanwa, ile nguo nyeupe nzito iliyokuwa ikiuzwa madukani Unguja. Mjukuu hakuijua merikani, na hilo likawa somo la jioni nzima. Sauti hiyo maana yake ni kwamba hewa inaingia. Ikisikika ngurumo na maziwa yakaruka, ncha imepanda juu mno, na mapovu hutoka makubwa kama ya sabuni. Ikisikika mlio mkali kama wa paka aliyekanyagwa, ncha imezama mno na hewa haiingii. Maziwa yakifika vuguvugu, yaani joto la mwili, hewa huwa imetosha. Mrija huzamishwa kidogo na jagi huinamishwa ili maziwa yazunguke kama maji ya kisima kilichokorogwa, na yale mapovu makubwa yasagike yawe madogo. Kisha sauti huanza kuwa nzito, na mkono ulioshika jagi hauwezi tena kuvumilia. Hapo mvuke hufungwa. Jagi hugongwa mara moja juu ya meza, likazungushwa, na povu likawa jororo, linang'aa. Mjukuu alipomuuliza mama liwe zito kiasi gani, mama alijibu: “Kama kasimile.” Kwa walioisahau, kasimile ni tui la kwanza, lile zito. Sijaona maelezo bora kuliko hayo katika kitabu chochote kilichokuja na mashine. Mwisho, mrija hupanguswa papo hapo kwa kitambaa kibichi na mvuke hufunguliwa tena nje, maana maziwa yakikaukia ndani huwa uchafu unaoziba na kunuka.

Jambo lililonistaajabisha ni kwamba mama, ambaye hakupata kugusa mashine hii na ambaye haoni vizuri, aliujua wakati wa kufunga mvuke kuliko mtoto mwenye macho na kipimajoto. Alisikiliza, akanyanyua kidole, akasema “Sasa!” Tukapima mara kadhaa kwa kipimajoto, na kila mara tuliikuta sindano imekaa baina ya nyuzi 60 na 65. Nikamuuliza amejuaje. Akasema maziwa hayafichi. Yakiwa baridi hupiga kelele, yakikaribia hushuka sauti, na yakinyamaza mwangalie, maana yamo njiani kufurika.

Nikaenda kulitafakari neno lake, na nikaona lina asili. Maziwa hufurika kwa sababu ya protini zake. Yakipata moto, utando hufanyika juu. Mvuke unaotoka chini hukwama chini ya utando ule, ukausukuma, na sufuria nzima ikapanda kwa ghafla. Povu la kahawa nalo hushikiliwa na protini hizo hizo, zinazozunguka kila tone la hewa na kulizuia lisipasuke. Kitu ambacho mabibi zetu walikikalia macho mbele ya seredani, mwiko mkononi, ili kisimwagike, ndicho ambacho mjukuu wangu anakiita kije kwa hiari yake. Pia kuna kiwango chake: maziwa yakipita nyuzi 70 harufu yake hugeuka ikawa ya maziwa yaliyopikwa, na utamu wake wa asili haudhihiri tena ulimini. Na mvuke wenyewe ukiingia katika maziwa baridi hugeuka kuwa maji, ukaacha humo joto lake. Kwa ujazo wa kikombe kimoja maji hayo hukaribia sehemu moja ya kumi ya maziwa. Mama aliligundua hilo kwa ulimi. “Yameongezwa maji,” alisema siku ya kwanza, na mtoto akaapa kwamba hakuongeza hata tone. Wote wawili walikuwa wakweli.

Baada ya miezi mitatu nilichukua daftari nikaandika maneno ambayo mjukuu wangu alikuwa akiyatumia bila ya kunigeukia mimi: mabichi, vuguvugu, kuchemka, kutokota, kufoka, kuumuka, kufurika, utando, povu, kasimile, kushika chini, kuungua, kukatika, kuchacha, pangusa, inamisha, zungusha, gonga, taratibu, bado, sasa, basi. Orodha ilipita maneno 60. Hakufundishwa hata moja kwa kukaa chini na kalamu. Kila neno lilikuja na kitendo chake, na kila neno lilihitajiwa wakati ule ule, kwa sababu mvuke haungoji mfasiri. Mimi nilikuwa sebuleni nikiwasikia, na kazi yangu ya kufasiri ikaisha bila ya mtu kuniaga.

Lakini lililo kubwa zaidi lilikuja baadaye, nalo ndilo lililonikalisha niandike.

Jioni moja mjukuu wangu aliuliza kwa Kiswahili chake kichanga: “Bibi, nani alikufundisha kusikiliza maziwa?”

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akataja jina la mwanamke ambalo mimi, katika umri wangu wote, sikupata kulisikia. Alikuwa mpishi katika nyumba ya babu yangu mzaa mama, huko shamba. Mama wa mwanamke huyo aliwahi kuwa mtumwa katika nyumba hiyo hiyo, kabla ya ile amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na baada ya amri akabakia pale pale, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Bibi yangu alipofariki, mama alikuwa mtoto wa miaka minne. “Yeye ndiye aliyenilea,” alisema mama. “Alikuwa akinikalisha mbele ya seredani, ananifunga macho kwa kanga, ananiambia: niambie yamefika wapi.”

Jamaa zangu, shajara ya ukoo wetu mnaijua, wengi mna nakala yake. Inapanda jina baada ya jina, mwana wa fulani mwana wa fulani, hadi katika mabonde ya Oman ya ndani. Ni kazi ya wazee na naiheshimu. Lakini desturi ya shajara ni kuhesabu damu ya baba, na mwanamke huyu hana mahali humo. Hata hivyo Kiswahili ninachowaandikia sasa hivi kimepitia kinywani mwake. Mababu zetu waliposhuka kutoka majahazini walishuka na Kiarabu chao. Kiswahili walikikuta, na watoto wao walikipata kwa mama zao wa pwani, kwa masuria, kwa yaya na kwa wapishi, watu waliotia tonge kinywani na neno sikioni. Wengi wa watu hao hawakuwa na hiari ya kuwepo walipokuwepo. Tunapokiita Kiswahili urithi wetu, inafaa tukumbuke tumerithishwa na nani.

Nimeliandika jina lake katika daftari la ukoo, pamoja na alilolisema mama juu yake. Hapa silitaji, kwa kuwa huenda wapo wajukuu zake Unguja, na ruhusa ya kulitangaza ni yao. Nimewaomba jamaa walioko huko wanisaidie kuwatafuta.

Nimefikiri kwamba lau tungelitumia kitufe peke yake, swali lile lisingaliulizwa. Kitufe kinatoa povu zuri, wala sikilaumu. Mwenye kuwahi kazi ana haki ya kukitumia. Ila kitufe hakimhitaji mzee. Mrija unamhitaji, maana mrija unataka sikio, mkono na mtu wa kusema bado au sasa. Na lugha, kwa nilivyoona, huingia penye haja. Mabibi zetu hawakupanga kutufundisha Kiswahili. Walitutuma maji, walitupa nazi tukune, walituweka tulinde maziwa, na Kiswahili kikaja humo humo.

Basi kwa wenye watoto katika miji ya mbali, nasaha yangu ni nyepesi. Mkiwa na mzee nyumbani, mpeni kiti jikoni, karibu na kazi yoyote ile ambayo kijana anaipenda, hata ikiwa ni kazi ya mashine ya Kiitaliano. Mwachieni mzee atoe amri kwa lugha yake, wala msifasiri upesi. Mtoto akikosea neno, mwacheni akosee, maziwa yatamsahihisha. Na mzee akianza kusema nani alimfundisha kupika, kushona, kusuka au kukuna nazi, chukueni kalamu mwandike jina hilo, hata kama halimo katika shajara. Mama zetu na bibi zetu hawatakaa nasi milele, na majina haya hayakuandikwa pengine popote.

Mama sasa hunywa kikombe chake kila jioni baada ya sala ya magharibi, iliki juu yake, na uzito wake umerejea kidogo kidogo, alhamdulillahi. Kahawa yenye maziwa bado hajaikubali. Anasema kahawa ni ya tende.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.